Maji Yenye Mioyo Elfu Arobaini

"Uliisikia, Mashavu! Tena ulilia."

"Nililia kitunguu! Mtu ana kisu mkononi na kitunguu ubaoni, bado unamuuliza kinachomliza?"

"Ulisema 'jamani watoto wetu.' Kitunguu kina watoto?"

"Na wewe je, Kasiani? Si wewe uliyeshika simu? Si wewe uliyemwambia Daktari sogea mwangani, Daktari inua kidevu? Masikio yako siku hiyo ulimwazima nani?"

"Mimi nilikuwa natazama picha. Fundi wa picha hasikilizi maneno, ndiyo utaalamu wenyewe."

"Basi na mimi ni mpishi. Mpishi hasikilizi, anaonja."

Ugomvi huo ulitokea uani kwetu, saa za kuanua nguo, mbele ya wapangaji wote. Mimi sipendi mambo ya watu. Nilisimama pale na beseni kwa sababu shuka yangu ilikuwa bado mbichi kwenye pindo, na shuka mbichi haianuliwi.

Wewe usiyekaa kwetu utashangaa: watu wazima wanagombania nani hakusikia? Kwingine watu hukana wizi, hukana mimba. Kwetu, asubuhi ile, gari lenye vipaza sauti lilipita likitangaza kwamba yeyote aliyeisikia video ya Dokta Nyamizi tangu mwanzo hadi mwisho afike Alhamisi mbele ya Baraza la Ukweli wa Mtandaoni atoe ushahidi. Kufumba na kufumbua mtaa mzima ukawa kiziwi.

Jina la nchi yetu silitaji. Si woga. Siku hizi hutajwa kwa kibali, na ofisi ya vibali hufungwa mapema. Vuta kiti nikueleze mambo yalivyoanza.

*

Dokta Nyamizi alikuwa mpangaji mwenzetu, chumba cha kona, mwanamke wa miwani na salamu ndefu. Alifanya kazi Maabara Kuu, kupima maji. Kwa miaka hatukujua anafanya nini hasa. Asubuhi alitoka na vichupa vitupu, jioni alirudi na vichupa vimejaa, na Bi Mashavu, ambaye chumba chake kinatazamana na cha Nyamizi, alishikilia kwamba yule dada anauza manukato na anatuficha bei.

Ndipo ukaja Waraka. Waziri wa Sayansi na Kuonekana aliusoma mwenyewe kwenye televisheni, amevaa koti jeupe la maabara lenye nembo ya chama mfukoni.

"Ndugu wanasayansi!" alisema. "Taifa limechoka na sayansi ya kificho! Mnajifungia vyumbani na machupa, mnaandika kwa lugha ya peke yenu, mnasomana wenyewe kwa wenyewe. Mwanasayansi asiyeonekana ana tofauti gani na mchawi? Kuanzia leo cheo kitafuata wafuasi. Utafiti usio na mioyo mtandaoni ni utafiti ambao haujafanyika!"

Makofi yakapigwa, na kwa kweli mimi pia nilipiga. Ilikuwa hotuba tamu.

Mambo yakaanza kubadilika haraka. Mtaalamu wa miamba alicheza ngoma juu ya jiwe akapata uprofesa kabla hajashuka. Mtaalamu wa nyoka alijipiga picha akimbusu swila, akapandishwa cheo siku ya mazishi yake. Lakini mzee mmoja wa hesabu, aliyekuwa na wafuasi wachache tu na wote wajukuu zake, alihamishiwa getini kufungua na kufunga. Wanasema alilifungua vizuri sana lile geti.

Nyamizi naye akapelekwa Semina ya Mwanasayansi Anayependeka. Mwezeshaji, kijana mwenye viatu vyeupe, aliwafundisha kwamba mtu akisikia neno asilolijua anahama. Sema kwa lugha ya jikoni. Onyesha kitu, usikieleze. Ukiulizwa swali, jibu, hata la kijinga, maana anayeuliza la kijinga leo kesho atauliza la maana. Watafute wenzako wa nchi nyingine wanaofanya kazi kama yako. Nyamizi alirudi macho yanang'aa.

"Unajua, Mama Mashavu," alisema akivua viatu mlangoni, "kati ya upuuzi wote ule, kuna ukweli ndani yake. Kweli nimekuwa nikiwaandikia watu sita. Na hao sita maji ya hapa hawayanywi."

"Sasa utatuambia bei ya manukato?" akauliza Bi Mashavu.

*

Tatizo lilikuwa simu. Ya Nyamizi ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea. Ndipo akaenda kwa Kasiani, fundi simu mwenye kibanda ukutani mwa nyumba yetu, mtu wa mikono myepesi na maneno mepesi zaidi. Nyamizi alikuwa akimwita kaka. Jumapili alikula kwake, na mtoto wa Kasiani, Semeni, binti wa miaka mitano, alipokuwa akishikwa na tumbo ni Nyamizi aliyekuwa akimbeba mgongoni hadi zahanati. Tumbo la Semeni ndilo lililomfanya aanze kuyapima maji ya tangi la mtaa, bila kutumwa na mtu.

"Ukurasa tutaufungua kwa laini yangu, dada," Kasiani akamwambia. "Wewe toa maneno, mimi nitatoa picha. Tutakuwa kama mtu mmoja."

Wakapiga video pale pale uani, kwenye mwale mwembamba wa mwanga unaopita kati ya bati mbili. Nasi tulikuwepo, nyumba nzima, maana kwetu mtu hapigwi picha peke yake.

Nyamizi alivaa kitenge cha kijani. Alisema: "Mimi ni Nyamizi, napima maji. Maji ya tangi letu nimeyapima kwa miezi minne, na leo nataka kila mama anisikilize." Akainua glasi ya maji ya tangi hadi kwenye mwanga, tukaiona safi kama kioo. Halafu akasema: "Kwa macho hayana neno. Lakini kiwanda cha ngozi kilichoko juu kinamwaga dawa zake mtoni, na mto ndio unaojaza tangi hili. Kuchemsha hakuziondoi. Msiwape watoto." Akaimwaga glasi chini, taratibu, mchanga ukainywa.

Bi Mashavu alikuwa akikata kitunguu, kama alivyokwisha kukuambia mwenyewe.

Kiwanda kile, niongeze tu kwa faida yako, kila mtu kwetu anakiita Kiwanda cha Shemeji. Shemeji wa nani, si kazi yangu kusema. Waziri ana dada mmoja tu.

Sasa kwetu kuna utaratibu. Balozi wa nyumba kumi hupiga filimbi jioni ya Jumatano, kila kaya inatoka na simu zake, na tunatoa mioyo kwa mwanasayansi wa mtaa wetu, kwa sababu mtaa wenye mwanasayansi mwenye mioyo mingi hupata taa za barabarani. Balozi hupita nyumba kwa nyumba akihakikisha vidole. Mitaa ya jirani nayo ilikuwa na utaratibu huo huo, na walikuwa wakitukopesha mioyo nasi tukiwarudishia. Kwa hiyo video ya Nyamizi ilipata mioyo elfu arobaini kabla ya Ijumaa.

Ukisoma maoni chini yake ungeona aibu. "Hongera dada umependeza." "Kitenge hicho kinapatikana duka gani?" "Mungu akuinue zaidi." "Nani mwingine anatazama akiwa kazini?" Lakini katikati ya hayo, akina mama walikuwa wakiuliza. Tukichota wapi? Ya mvua yanafaa? Nilikwisha kumpa, nifanyeje? Nyamizi aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa simu ya Kasiani, ameinama kibandani hadi shingo ikamuuma. Kwenye maoni hayo akatokea pia Dokta Weraga, mtafiti wa nchi ya ng'ambo ya ziwa, ambaye kwao pia kuna kiwanda cha ngozi. Wakaanza kupelekeana vipimo. Sijapata kumwona Nyamizi amefurahi kama siku zile. Alikuwa akiimba bafuni, na bafu letu halina mlango.

*

Mioyo elfu arobaini haiwezi kupita bila kuonekana na Wizara. Akaja Bwana Afisa Uonekano, amevaa tai, akaketi kibandani kwa Kasiani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilikuwa nachaji simu yangu pale, ilikuwa imebakiza kidogo sana.

"Video hii," alisema, "Mheshimiwa Waziri ameipenda. Ameona maji yetu yana mioyo elfu arobaini. Hakuna maji yaliyowahi kupata mioyo kama hiyo katika historia ya bara hili."

"Mkuu," Kasiani akasema, "lakini mwisho wake..."

"Mwisho ni mrefu. Watu hawafiki mwisho. Wewe ni fundi, unajua pa kukata."

Kasiani akakuna kidevu. Bwana Afisa akatoa mfukoni beji ya shaba, akaipuliza vumbi, akaiweka juu ya meza kati ya bisibisi. Iliandikwa Mhariri wa Maji ya Taifa. Akaongeza kwamba kibanda hiki kimekaa njia ya bomba, kinaweza kubomolewa kesho au kisibomolewe kabisa, yeye hajui, inategemea.

Kasiani akakata. Video mpya inaishia pale glasi ilipo juu kwenye mwanga, Nyamizi anaitazama, mandhari ya kijani, na muziki. Kwa kuwa ukurasa ulikuwa kwa laini yake, ile ndefu aliifuta, na mioyo ikabaki pale pale juu ya ile fupi. Ndivyo simu zinavyofanya kazi, alinieleza. Mimi sikumuuliza.

Wiki iliyofuata tangi likapakwa rangi ya buluu, na juu yake ukachorwa uso wa Nyamizi, mkubwa kuliko dirisha, glasi mkononi. Chini yake: MAJI YENYE MIOYO ELFU ARUBAINI. Waliandika arubaini. Mheshimiwa akaja kufungua, akasema tangi hili ni ushahidi kwamba sayansi na wananchi wamependana. Tukagawiwa fulana zenye uso wa Nyamizi kifuani, kitambaa kizuri, hakichuji. Bi Mashavu akapewa ruhusa rasmi ya kukaangia mihogo chini ya tangi, kivulini. Balozi akapata taa moja ya barabarani, akaifunga mlangoni kwake.

Nyamizi alikuwa safarini akichukua vipimo vya mto. Aliporudi, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa mama mmoja wa mitaa ya bondeni, ndoo kichwani, mtoto mkononi.

"Yesu! Ni wewe! Wewe wa tangi!" yule mama akapiga goti. "Shikamoo daktari. Nimetembea tangu alfajiri. Kwetu kuna kisima, lakini nimemwambia mume wangu, mtoto huyu hatakunywa mengine ila ya yule dada."

Nyamizi akatazama juu akajiona. Kisha akaishika ile ndoo kwa mikono miwili. "Mama, usimpe. Haya si mazuri. Rudi kwenye kisima chako."

Yule mama akacheka hadi maji yakamwagika. "Daktari una utani wewe! Kumbe ni mtu wa watu!" Akatengeneza kata yake kichwani akaenda zake, akimwonyesha mtoto uso uliochorwa na uso wenyewe, akimwambia apunge mkono. Mtoto akapunga.

*

Nyamizi alikwenda moja kwa moja kibandani. Mlango wa kibanda ni pazia, kwa hiyo sikuhitaji kusogea.

"Kaka Kasiani."

"Dada! Umerudi! Karibu, safari ilikuwaje?"

"Nirudishie mwisho."

"Mwisho upi?"

"Usinifanyie hivyo. Semeni nimembeba mgongoni mimi."

Kasiani akawa anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. "Dada, mimi ni mtu mdogo. Wewe una shahada, ukifukuzwa hapa unaandika barua kule. Mimi kibanda kikibomolewa naandika nini? Halafu sikuongeza neno hata moja. Kila ulichosema pale umekisema wewe. Mimi nimepunguza tu."

"Watu wa bondeni wana kisima, Kasiani. Wanakiacha wanakuja kwenye uso wangu."

"Basi si umaarufu huo? Si ndicho ulichokuwa unatafuta?"

Nyamizi akatoka. Kompyuta yake ya Maabara ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kwa matengenezo. Makala yake ya kitaalamu ilikuwepo, lakini makala ya kusomwa na watu sita haina mioyo, kwa hiyo kisheria haijaandikwa. Akaandika malalamiko kwa Baraza la Ukweli wa Mtandaoni akiomba moja kati ya mambo mawili: uso wake ufutwe kwenye tangi, au maneno yake yarudishwe yote. Baraza likajibu kwa ukarimu mkubwa kwamba litakubali ombi lake lote papo hapo, mradi atokee raia mmoja tu aliyeisikia video yote. Mmoja tu.

Ndipo lilipopita gari la vipaza sauti, na ndipo ulipotukuta tukigombana.

Nyamizi alipita mlango hadi mlango jioni ile. Hakulia wala hakupiga kelele. "Mama Mashavu, mmoja tu." Bi Mashavu akamwambia, mwanangu, kama ni chakula niombe, kama ni nguo niombe. "Balozi, mmoja tu." Balozi akasema filimbi ilikuwa mdomoni, mtu mwenye filimbi mdomoni hasikii vizuri. Kwangu pia alibisha. Nilikuwa nimelala mapema siku hiyo, nikasikia akibisha.

*

Alhamisi tulikwenda Barazani nyumba nzima, maana hatukutaka aonekane hana watu. Tulivaa fulana zetu. Mwenyekiti, mzee mwenye kitambi cha heshima, aliitazama safu ya nyuso za Nyamizi vifuani mwetu akaridhika.

"Shahidi. Ulikuwepo wakati wa upigaji wa video?"

"Nilikuwepo, mheshimiwa," Bi Mashavu akajibu.

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia 'kila mama anisikilize.' Baada ya hapo nikawa bado nasubiri nisikilize nini."

Balozi akasema la filimbi. Mimi niliulizwa nikasema, kwa ukweli kabisa, kwamba sipendi mambo ya watu. Akabaki Kasiani. Alisimama na beji yake, na Nyamizi akamtazama kwa namna ambayo hata mimi niliangalia dari.

"Mhariri," Mwenyekiti akasema, "kulikuwa na maneno baada ya glasi?"

Kasiani akaigusa beji. "Kulikuwa na mdomo unachezacheza, mheshimiwa. Maneno sikuyasikia."

"Kaka," Nyamizi akasema. Neno hilo tu.

"Kimya!" Mwenyekiti akagonga meza. Akasimama kusoma hukumu, ambayo ilikuwa imepigwa chapa tangu Jumanne kwa kuwa mashine ya uchapaji Alhamisi huwa na foleni. "Kitu kilichopata mioyo ya wengi hakiwezi kukanushwa na mmoja, hata kama huyo mmoja ndiye aliyekisema. Baraza limegundua kwamba Dokta Nyamizi anampinga Dokta Nyamizi, raia mwema anayependwa na watu elfu arobaini, na kwamba amekuwa akipelekeana siri za maji na mfuasi wa nje, ng'ambo ya ziwa. Hata hivyo, Taifa lina huruma. Kwa kuwa picha yake inafanya kazi vizuri kuliko yeye mwenyewe, picha ibaki kazini kwa cheo cha Profesa, na yeye mwenyewe aondolewe."

Tukapiga makofi kidogo, kwa ajili ya uprofesa.

*

Jumapili yake ilikuwa siku nzuri. Nyumba ilijaa, ndivyo ninavyopenda mimi, watu hadi kwenye ngazi. Kasiani alikuwa ameleta kuku wawili kusherehekea kuthibitishwa kazini, Bi Mashavu akapika wali wa nazi na mchuzi mzito, mkeka ukatandikwa ukumbini, sinia likawekwa kati. Semeni alikuwa akikimbia huku na huku, mashavu yamemjaa, tumbo halijamsumbua wiki nyingi.

Mlango wa kona ukafunguka. Nyamizi akatoka na begi moja na kikapu cha vichupa, amevaa viatu vya safari. Weraga wa ng'ambo alikuwa amemtafutia kazi kwao, kupima maji ya watu wengine. Njia ya kutoka hupita ukumbini, hakuna nyingine, akalazimika kusimama mbele ya sinia letu. Tukaacha kutafuna.

Sisi si watu wabaya. Mtu hapiti kwenye chakula bila kukaribishwa, hilo kwetu halijawahi kutokea. Bi Mashavu akawa wa kwanza kusogea, akapangusa sehemu ya mkeka kwa kiganja.

"Mwanangu, huwezi kuondoka na njaa. Ingia ukae."

Nyamizi akatazama wali, akatazama jagi la maji lililokuwa kando ya sinia, akarudi nyuma hatua.

"Ah, usiogope!" Bi Mashavu akasema, akicheka kwa upendo, akimshika mkono. "Unadhani tumepikia ya tangi? Tangu siku ile uliyotuambia, ndani ya nyumba hii hakuna aliyeyagusa hata kunawia. Haya ni ya chemchemi, ya kule mlimani. Kasiani mwenyewe hutuletea kwa baiskeli kila alfajiri. Karibu, mwanangu. Karibu ule."